Kuacha Mshahara na Kufungua Bekari Ndogo: Hatua kwa Hatua

Mtu mwenye ajira anayetaka kufungua bekari kwa kawaida huanza na oveni. Anachukua mkopo wa mshahara, ananunua mashine, anapanga fremu, anaandika barua ya kuacha kazi, kisha ndipo anaingia mtaani kutafuta wa kumuuzia mikate. Mpangilio huo ndio unaoua bekari nyingi kabla hazijafikisha mwaka. Mwongozo huu unafuata mpangilio tofauti: wateja kwanza, hesabu pili, kisha oveni, barua mwisho. Umeandikwa kwa ajili ya mwajiriwa wa Tanzania, na bei zote za mfano ni za shilingi ya Tanzania. Bei hizo zinaonyesha jinsi ya kupiga hesabu tu. Weka za sokoni kwako.

Hatua ya 1: Pata namba ya nyumbani

Kabla ya namba yoyote ya biashara, andika matumizi halisi ya nyumba kwa miezi mitatu mfululizo. Tumia taarifa za benki na za simu, maana kumbukumbu husahau nauli, vocha, michango ya harusi na misiba, na fedha za wazazi. Ada za shule gawanya kwa miezi 12. Ongeza kitu ambacho mshahara ulikuwa unakificha: bima ya afya. Ukiondoka kazini, kadi ya bima inayolipiwa na mwajiri hukoma, yako na ya wategemezi wako pia.

Ukipata, tuseme, 800,000 kwa mwezi, hiyo ndiyo namba ya nyumbani. Zidisha kwa sita. Fedha hiyo, 4,800,000, inakaa kwenye akaunti yake peke yake na haihesabiwi kama mtaji. Ukiichanganya na fedha za unga, mwezi wa pili utajikuta unanunua unga kwa ada ya mtoto, au unalipia ada kwa fedha ya unga wa kesho.

Hatua ya 2: Soma mkataba na deni lako kabla ya kugusa chochote

Angalia kama mkataba wako unakataza kufanya biashara nyingine ukiwa kazini, na kama unahitaji kibali. Watumishi wa umma wana kanuni za maadili zinazowabana zaidi, kwa hiyo waulize kwa maandishi. Usitumie muda, gari wala kompyuta ya ofisi kwa mambo ya bekari. Ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu unaondoka kwa masharti mabaya kuliko ukiondoka mwenyewe.

Halafu tazama mikopo. Mkopo wa mshahara umetolewa kwa sababu mshahara upo. Ukiacha kazi, benki inaweza kudai salio lote, na mara nyingi malipo yako ya mwisho hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Nenda benki ukiwa bado mwajiriwa, uliza kwa maandishi salio litalipwaje ajira ikikoma. Kama rejesho ni 250,000 kwa mwezi, liingie kwenye namba ya nyumbani. Kuchukua mkopo wa mshahara siku chache kabla ya kuacha kazi ili upate mtaji ni njia ya haraka ya kuanza biashara ukiwa na deni lisilo na chanzo cha kulilipa.

Kuhusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, michango yako haipotei ukiacha kazi, lakini usiipangie kama mtaji. Fao la kukosa ajira halikukusudiwa kwa mtu aliyejiondoa kwa hiari. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi isiyopungua 180, kwa hiyo kama una miaka 11 ya michango, panga kuendelea kuchangia kwa hiari kama mtu aliyejiajiri.

Hatua ya 3: Uza mikate kabla hujaioka

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotoa majibu ya kweli. Kwa wiki 8 hadi 12, ukiwa bado kazini, nunua mikate kwa bei ya jumla kutoka bekari nyingine na uisambaze. Tafuta kijana mwenye baiskeli au bodaboda wa kuaminika, mpe mikate 60 hadi 100 kila alfajiri, na njia moja ya maduka 15 hadi 20, mama lishe wawili watatu na mgahawa mmoja. Utabaki na faida ndogo sana, pengine shilingi 50 kwa mkate. Unachonunua hapo ni taarifa.

Kila siku andika mambo matano kwa kila duka: ilipelekwa mingapi, iliuzwa mingapi, ilirudi mingapi, fedha iliyolipwa, deni lililobaki. Baada ya wiki nane utajua duka gani linauza mikate 12 na lipi linauza 3, nani analipa kwa wakati, siku ipi ya wiki inashuka, na mwisho wa mwezi unabadilishaje mauzo. Utajua pia kwa nini wateja wanaiacha mikate ya mwenzako: imechelewa, imevunjika, ina uchungu wa hamira, inaota ukungu siku ya tatu. Hayo ndiyo malalamiko utakayoyajibu na mkate wako.

Kigezo cha kusonga mbele ni maduka yanayochukua jumla ya mikate 150 kwa siku bila kulazimishwa, na mikate inayorudi isiyozidi 5 katika kila 100. Ukiwa chini ya hapo, badilisha mtaa au ongeza njia kabla ya kununua mashine.

Jioni na mwisho wa wiki, jifunze kuoka. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na hutoa mafunzo ya usindikaji wa vyakula. Bora zaidi, omba kukaa usiku mzima kwenye bekari inayofanya kazi, hata kama ni kwa kulipa. Kazi ya bekari ni ya usiku, na si kila mwili unaivumilia. Ni afadhali ulijue hilo mapema.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mkando mmoja

Mkando mmoja hapa ni kilo 25 za unga. Kila kiungo hupimwa kwa asilimia ya uzito wa unga, ili ukibadilisha ukubwa wa mkando mapishi yasibadilike.

- Unga wa ngano wa kuokea mikate: kilo 25
- Maji, asilimia 58: lita 14.5
- Sukari, asilimia 6: kilo 1.5
- Mafuta magumu au siagi ya kupikia, asilimia 3: gramu 750
- Chumvi, asilimia 1.8: gramu 450
- Hamira kavu ya papo hapo, asilimia 1: gramu 250
- Kiboreshaji cha mkate, asilimia 0.4: gramu 100
- Kalsiamu propionati ya kuzuia ukungu, asilimia 0.3: gramu 75

Jumla ni kilo 42.6 za donge. Ukitoa linalobaki kwenye mashine, meza na mikono, karibu asilimia 2, unabaki na kilo 41.8. Donge la gramu 450 hutoa mkate wa gramu 400 baada ya kuoka na kupoa, maana uzito hupungua kwa takriban asilimia 11 maji yakitoka. Kwa hiyo mkando mmoja unatoa mikate 92. Bekari inayopata 84 kwa mapishi haya inapima madonge kwa macho. Kila donge lipimwe kwenye mizani. Gramu 30 za ziada kwa mkate ni mikate 6 unayogawa bure kila mkando.

Soma lebo ya kiboreshaji. Kama kina bromati ya potasiamu, kiache. Imehusishwa na saratani na nchi nyingi zimeipiga marufuku kwenye mikate. Viboreshaji vya vitamini C na vimeng'enya vinatosha.

Sasa gharama, kwa bei za mfano. Unga 48,000, sukari 4,500, mafuta 4,500, hamira 3,500, chumvi 500, kiboreshaji na dawa ya ukungu 1,500, maji na barafu 1,000, mifuko 92 kwa shilingi 40, yaani 3,680, gesi kilo 2 kwa 3,800, yaani 7,600. Jumla ni 74,780, sawa na shilingi 813 kwa mkate.

Lakini hutauza 92. Weka mitatu ya kuharibika na kurudi, ubaki na 89. Kwa bei ya jumla ya 1,100 unapata 97,900. Toa gharama, toa usambazaji 4,500, mkando unakuachia 18,620. Namba hii ndiyo moyo wa biashara yote, iandike ukutani.

Gharama za kila mwezi zisizojali umeoka mikate mingapi: pango 250,000, wafanyakazi wawili 500,000, mchango wa mwajiri wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, 50,000, umeme 100,000, maji 40,000, matengenezo, usafi na vipimo 80,000. Jumla ni 1,020,000. Kodi ya mapato iko juu ya hapo. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mfanyabiashara mdogo binafsi mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 11 hadi milioni 100 kwa mwaka hulipa asilimia 3.5 ya mauzo. Thibitisha TRA, mamlaka ya mapato, kiwango cha mwaka unaoanza.

Kwa siku 26 za kazi kwa mwezi:

Mikando 2 kwa siku: unabakiwa na 968,240 kabla ya gharama za mwezi, kodi ni kama 178,000. Unapata hasara ya karibu 230,000 kila mwezi, huku oveni ikiwaka na mikate ikiisha. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu biashara inaonekana imechangamka.

Mikando 3 kwa siku: unabakiwa na 1,452,360, kodi kama 267,000, ziada 165,000. Mashine za milioni 9 zinazotarajiwa kudumu miaka mitano zinadai fungu la uchakavu la 150,000 kwa mwezi. Basi mwenye bekari anabaki na shilingi 15,000.

Mikando 3, theluthi ya mikate ikiuzwa kwenye kaunta yako mwenyewe kwa 1,300: zinaongezeka kama 446,000 baada ya kodi, na unaweza kujilipa karibu 460,000.

Linganisha na namba ya nyumbani ya 800,000. Bado. Pengo hilo huzibwa na bidhaa zinazouzwa kwa kipande, kama skonzi na maandazi ya oveni, ambazo kwa kilo moja ya unga huingiza zaidi ya mkate wa kukata. Na huzibwa na mkando wa nne. Jua tu kwamba mikando 3 yenye kaunta inakufikisha mauzo ya kama milioni 97 kwa mwaka. Ukivuka milioni 100 unatoka kwenye mfumo wa kodi ya makadirio, yaani ile ya asilimia ya mauzo, unatakiwa kuandaa hesabu kamili, na utahitaji mhasibu. Iingize gharama hiyo mapema.

Piga hesabu hii yote upya kila bei ya unga inapopanda. Mfuko ukipanda kwa 4,000, mkando wako unashuka kutoka 18,620 hadi 14,620, na mikando 3 kwa bei ya jumla haikulipi tena.

Hatua ya 5: Usajili, kwa mpangilio unaookoa muda

Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ndiyo ufunguo wa yote. Kutoka hapo: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa njia ya mtandao, TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara TRA, ambayo haitozwi fedha, mkataba wa pango, leseni ya biashara ya halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI, usajili wa jengo la chakula na bidhaa yako TBS (shirika la viwango). Tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yalihamia TBS kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo puuza maelekezo ya zamani yanayokupeleka huko. SIDO inaweza kukutambulisha TBS kwa barua, na wajasiriamali wadogo wanaopitia njia hiyo hupewa unafuu wa gharama.

Usilipe pango kabla ofisa afya wa kata hajaliona jengo. Atatazama sakafu inayosafishika, kuta za kuoshwa, dari, nyavu madirishani, choo kisichofungukia chumba cha kukandia, maji safi na mahali pa kunawia. Kurekebisha jengo baya kunaweza kula milioni mbili ambazo hukuzipanga. Wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kugusa unga, na vyeti virudiwe kila muda wake unapokwisha.

Pango la biashara lina kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo mpangaji huikata na kuiwasilisha TRA. Wenye nyumba wengi hutaka wapewe fedha yote mkononi, na mpangaji huishia kuilipa mwenyewe juu ya pango. Malizaneni kabla ya kusaini. Mashine ya EFD (ya kutolea risiti za kodi) nayo inahitajika kwa mauzo ya kuanzia milioni 11 kwa mwaka, kwa hiyo bekari ya hesabu hizi haiikwepi. Ukiajiri, sajili wafanyakazi NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mikono na mashine ya kukandia vikigusana, huo mfuko wa pili ndio utakaokuokoa wewe na mfanyakazi wako.

Hatua ya 6: Mashine

Kwa mikando 3 kwa usiku unahitaji mashine ya kukandia ya kilo 25 za unga, oveni ya gesi ya ghorofa tatu yenye trei sita, kabati la kuumulia, meza ya chuma cha pua, mizani mbili (moja ya kilo, moja ya gramu), kipimajoto cha kuchoma kwenye donge, makopo ya mikate yasiyopungua 150, rafu za kupozea na mashine ya kukata.

Kabla ya kulipia mashine ya kukandia, soma kibati chake cha maelezo. Nyingi za ukubwa huu hutaka umeme wa fezi tatu, na fremu nyingi mitaani zina fezi moja. Kuomba fezi tatu TANESCO huchukua muda na fedha. Vilevile uliza uzito wa donge: muuzaji akisema "kilo 25", anaweza kuwa na maana ya donge zima, yaani kama kilo 15 za unga tu. Hesabu yote ya hatua ya nne inavunjika hapo.

Oveni iliyotumika ni sawa kama umeiona ikiwaka saa mbili mfululizo. Weka vipande vya mkate pembe zote nne za kila ghorofa. Vikibadilika rangi tofauti, kichomeo cha gesi kina matatizo au matofali ya ndani yameachia. Mitungi ya gesi ikae nje ya jengo, kwenye kizimba chenye hewa.

Mtaji kwa mfano huu: mashine 9,000,000, ukarabati na leseni 1,500,000, pango la miezi sita 1,500,000, malighafi za siku 10 karibu 2,250,000, gharama za miezi mitatu 3,060,000. Jumla ni kama 17,300,000, mbali na ile 4,800,000 ya nyumbani. Usipokuwa nayo yote, anza na oveni ndogo na skonzi, usianze na mikate. Mikate ina faida nyembamba na haivumilii uzalishaji mdogo.

Hatua ya 7: Usiku wa uzalishaji

Mkate unatakiwa dukani saa 12 asubuhi. Rudisha muda nyuma: kukanda dakika 12 hadi 15, donge kupumzika dakika 10, kupima na kukunja dakika 30, kuumuka saa moja, kuoka dakika 25 hadi 30, kupoa saa moja na nusu hadi mbili. Makopo ya mkando mmoja hayaingii yote kwenye oveni kwa mara moja, ni kama 48 tu, kwa hiyo kila mkando unaokwa kwa awamu mbili na mikando inafuatana kwa dakika 70 hivi. Ukiwasha mashine saa 4 usiku, mkando wa tatu unafungashwa karibu saa 11 alfajiri. Ratiba hii peke yake inaeleza kwa nini huwezi kuwa mwokaji mkuu na mwajiriwa wa saa 2 asubuhi kwa wakati mmoja. Ajiri mwokaji mzoefu kwa kipindi cha mpito, na wewe shika vipimo, stoo na fedha.

Jambo linaloharibu mikate mingi ya pwani ni joto la donge. Lengo ni nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi likitoka mashineni. Joto la maji unalipata hivi: chukua 27 mara tatu, yaani 81, toa joto la unga, toa joto la chumba, toa nyuzi 8 hivi za msuguano wa mashine. Unga ukiwa 30 na chumba 31, maji yawe nyuzi 12. Dar es Salaam au Tanga bomba halikupi hayo. Unahitaji barafu, ipimwe kama sehemu ya lita 14.5. Bila barafu donge linatoka na nyuzi 33, hamira inakimbia, mkando wa kwanza unaumuka kabla oveni haijawa tayari, na mkate unatoka na matundu makubwa, harufu ya pombe na ganda lililopauka.

Kuumuka: nyuzi 36 hadi 40, unyevu wa kutosha ganda lisikauke. Gusa donge kwa kidole. Alama ikirudi polepole na kubaki kidogo, lipeleke motoni. Ikirudi haraka, bado. Isiporudi kabisa, umechelewa. Oveni iwe nyuzi 210 hadi 220. Katikati ya mkate uliyoiva kipimajoto husoma nyuzi 94 hadi 96.

Makosa mengine na chanzo chake:

Mkate kushuka katikati: umeumuka kupita kiasi, au unga una protini kidogo. Unga wa chapati na wa keki haufai. Omba unga wa bekari na uujaribu kwa mkando mmoja kabla ya kununua mifuko 20.

Ubavu kupasuka: haujaumuka vya kutosha, au donge limekauka ganda.

Ukungu siku ya pili: umefungashwa ukiwa moto. Mkate uwe umepoa kabisa, chini ya nyuzi 35, ndipo uingie mfukoni. Dawa ya ukungu haiwezi kushinda mvuke uliogeuka maji ndani ya mfuko. Safisha pia visu vya mashine ya kukata kila usiku. Mbegu za ukungu huishi hapo.

Mkate kunuka kama nanasi lililoiva sana na kuvutika nyuzi ukiukata: ni bakteria wanaostahimili joto la oveni na kupenda hali ya joto. Teketeza mkando wote, osha meza, makopo na mashine, kisha vifute kwa siki, na weka siki kidogo kwenye mikando ya siku zinazofuata. Usisage mikate iliyorudi ukairudisha kwenye donge. Hivyo ndivyo tatizo hili linavyokaa bekarini kwa wiki nzima.

Hatua ya 8: Mali kauli na fedha ya biashara

Maduka yatataka mali kauli, na kukataa kabisa kutakufungia soko. Weka kanuni moja: duka linapewa mikate ya leo likilipa ya jana. Deni la siku moja, si zaidi. Mikate inayorudi ipokewe siku inayofuata tu, na duka linalorudisha zaidi ya mmoja katika kumi mara tatu mfululizo lipunguziwe idadi. Msambazaji asibebe fedha nyingi taslimu. Maduka yalipe kwa lipa namba ya biashara, ujumbe uje kwako.

Lebo iwe na jina la bidhaa, uzito, viungo, tarehe ya kutengeneza, tarehe ya mwisho, jina na anwani ya bekari. Kwenye kaunta usitoe mfuko wa plastiki wa kubebea. Hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, tofauti na kifungashio cha mkate chenyewe.

Jilipe siku moja ya mwezi, kiasi kilekile. Mwenye bekari anayechota elfu kumi kumi kwenye droo hawezi kujua kama anapata faida.

Hatua ya 9: Lini uandike barua

Andika barua pale mambo haya yote yametimia kwa miezi mitatu mfululizo, bekari ikiwa inaendeshwa na wengine wakati wewe uko kazini: inauza mikando 3 kwa siku, mikate inayorudi ni chini ya asilimia 5, madeni ya maduka hayazidi mauzo ya siku mbili, ziada baada ya kodi na uchakavu inafikia angalau nusu ya namba ya nyumbani, akiba ya miezi sita haijaguswa. Nusu inatosha kwa sababu ukiingia mwenyewe unaokoa mshahara wa msimamizi na upotevu wa stoo, na unapata muda wa kuongeza bidhaa. Ikiwa ziada ni robo tu, kuacha kazi hakutaiongeza mara nne.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Mwenye mkataba wa muda maalumu awe makini, maana kuondoka kabla ya muda kunaweza kumfungulia mwajiri mlango wa kudai fidia. Omba makubaliano ya maandishi. Dai mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha kisheria ni cha anayesitishiwa ajira na mwajiri, kwa hiyo usikiweke kwenye hesabu kama mkataba wako hausemi hivyo. Ukiweza, tumia likizo yako ya mwaka, siku 28, kukaa bekarini usiku kucha kabla ya kuandika barua. Utaona kile ambacho ripoti za simu zilikuwa hazikuambii.

Chagua mwezi. Januari ni mwezi wa ada na mifuko imekauka. Shule zikifungwa, bekari inayotegemea kantini hushuka ghafla. Kwenye mitaa yenye Waislamu wengi, Ramadhani huhamisha mauzo ya asubuhi kwenda jioni, na ratiba ya kuoka lazima ihame nayo. Mwezi wa kuondoka uwe ule ambao daftari lako la hatua ya tatu limeonyesha mauzo ya kawaida, ili usijidanganye kwa msimu mzuri.

Hatua ya 10: Miezi sita ya kwanza bila mshahara

Kila Jumapili hesabu vitu vinne: mikando iliyookwa, wastani wa mikate kwa mkando, asilimia iliyorudi, na fedha iliyoko nje. Mikate kwa mkando ikishuka chini ya 90, kuna tatizo la mizani au la wizi. Hesabu mifuko ya unga ya stoo siku hiyohiyo. Fedha ya nje ikivuka mauzo ya siku mbili, simamisha maduka yanayodaiwa kabla ya kuongeza hata duka moja jipya.

Andika sasa, ukiwa mtulivu, kiwango cha kusimama: kwa mfano, akiba ya nyumbani ikibaki ya miezi miwili na mikando ikiwa chini ya 3 kwa siku, unarudi kutafuta kazi na kuiacha bekari chini ya mwokaji, au unauza mashine zingali zinafanya kazi. Oveni inayowaka ina mnunuzi. Iliyokaa miezi minane kwenye fremu iliyofungwa huuzwa kwa uzito wa chuma. Mpe nakala ya karatasi hiyo mwenzi wako au ndugu unayemwamini, akushikilie tarehe.